Upendeleo wa udahili vyuoni haujaisha

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu udahili wa vyuo vikuu nchini Marekani imeeleza vyema athari za uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2023, uliozuia rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha kumdahili. Katika chuo cha MIT, wanafunzi weusi walioanza masomo mwaka 2024 walikuwa asilimia 5, ilhali miaka iliyotangulia walikuwa wastani wa asilimia 13.

Kinachonisikitisha ni kwamba upendeleo mwingine haukuguswa. Vyuo vingi vya binafsi, ingawa MIT si kimojawapo, bado huwapa kipaumbele watoto wa wahitimu wao, ambao wengi wametoka katika familia zenye uwezo na wamekwisha kusomeshwa katika shule bora. Si haki kumwambia kijana maskini kwamba atapimwa kwa juhudi zake pekee, huku mwenzake akiongezewa sifa kwa sababu ya mahali aliposoma baba yake.

Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kukomesha upendeleo huo hata katika vyuo vya binafsi. Majimbo mengine yafuate, na kila chuo kilazimishwe kutangaza kila mwaka ni watoto wangapi wa wahitimu wake kimewadahili.

Msomaji wenu