Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya damu, daftari

Mheshimiwa Waziri,

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Nakuandikia kutoka Bahi, si mbali na ofisi yako ya Mtumba, kuomba vitabu vya vituo vya afya viwe na safu ya ugonjwa wa kusahau kabla damu yetu haijachukuliwa kwa utafiti wa vinasaba, yaani maandishi ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Nimejaza vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa vituoni, hadi kidole kikaota sugu, na baadhi ya makosa ninayoyalalamikia hapa niliyaandika kwa mkono wangu.

Mama yangu alianza kwa kusahau chumvi kwenye mlenda. Baadaye akawa anaamka usiku wa manane kwenda kuamia ndege kwenye shamba la uwele tulilokwisha kuliuza. Tulipompeleka kituoni alipimwa presha, ikaonekana imepanda kidogo, basi nikaandika kitabuni: shinikizo la damu. Safu ya kusahau sikuiona. Majirani nao walikuwa na daftari lao. Kwanza walisema karogwa, kisha wakaanza kunong'ona kwamba mchawi ni yeye, na kwetu huku hilo si neno la utani kwa bibi kizee.

Mjukuu wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ndiye aliyenifafanulia mambo ya vinasaba, nami nikamwelewa kwa njia yangu. Sikoseli ni jeni moja: ukirithi kasoro yake kwa baba na kwa mama, unaumwa. Alzheimer ya uzeeni, ugonjwa unaoleta kusahau, ni kama mchango wa harusi. Jeni nyingi zinatoa kidogo kidogo, na maisha nayo yanaongeza ya kwake: presha, kisukari, kukosa shule. Yupo mchangiaji mmoja mkubwa, jeni ya APOE ya aina ya e4, aliyejulikana tangu 1993. Wengine karibu wote ni wa buku buku, na kuwatambua kunahitaji watu maelfu kwa maelfu. Utafiti mmoja wa mwaka 2022 ulitumia takwimu za wagonjwa zaidi ya 111,000, ukaonyesha sehemu 75 za jenomu, yaani vinasaba vyote vya mtu kwa pamoja, zinazohusika. Karibu wote walikuwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kwani damu si ni damu tu? Hapana, Mheshimiwa. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, wengi wanayo hiyo e4, lakini huko haikuonekana kuleta ugonjwa kwa nguvu ile inayoonekana Ulaya. Na kuna habari ya maziwa. Mwaka 2007 kundi la mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Ilionekana kwamba wafugaji wetu wanaomudu maziwa hadi ukubwani wana badiliko la jeni tofauti na lile la Wazungu. Lingetafutwa lile badiliko la Wazungu ndani ya damu yetu, tungeambiwa hatuna kitu. Na mkoa huu wa Dodoma pekee una Wagogo, Warangi, Wasandawe na Waburunge, watu wa asili zilizoachana zamani mno.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Wengi wakisikia jenomu wanawaza mashine na majokofu. Mimi nawaza safu kitabuni. Katika wale 111,000 wamo watu ambao hawakuumwa wenyewe; waliulizwa tu kama baba au mama aliugua ugonjwa wa kusahau, wakahesabiwa kwa jibu hilo. Niulize mimi leo. Kwa kumbukumbu za kituo, mama yangu aliumwa presha. Kwa majirani, alikuwa mchawi. Unaweza kusoma herufi zote bilioni 3 za vinasaba vyangu, ukazifunga kwenye jibu hilo la uongo, ukapata uongo wa gharama kubwa.

Kipimo cha ugonjwa wa kusahau kipo, na hakimtaki mzee ajue kusoma. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulizaa kipimo kifupi cha IDEA: maswali machache, pamoja na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Njiti za kiberiti, Mheshimiwa! Dirisha la wazee tayari lipo vituoni. Muuguzi apewe mafunzo, mzee apimwe akiwa pale pale, na majibu yapate mahali pa kuandikwa.

Damu ije baadaye, kwa ridhaa iliyoelezwa kwa Kiswahili na, inapobidi, kwa Kigogo au Kisandawe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatulinda kiasi, lakini damu yangu inamsema na kaka yangu ambaye hakuulizwa. Hilo wanasheria wako walifikirie mapema, kabla sampuli hazijapanda ndege.

Vitabu vya MTUHA vikichapwa tena, na ile mifumo ya kompyuta ikirekebishwa, naomba hiyo safu moja ya kusahau iwemo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Karani mstaafu, Bahi