YAH: Malalamiko juu ya asilimia mlizonihesabia kwenye friza, tawi la Chake Chake

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Unguja.

Assalaamu alaykum.

Ndugu Meneja,

Mimi ni muuza barafu wa Wete, naandika huku risiti ya tawi lenu la Chake Chake iko mbele yangu. Friza 864,000. VAT 180,000. Jumla 1,044,000. Naomba, kwa heshima zote, mnirejeshee hiyo 180,000. Bei iliyobandikwa kwenye friza, kabla ya punguzo, ilikuwa 1,200,000, na chini yake mmeandika wenyewe kwamba VAT imo ndani. Kodi iliyokwishatiwa kwenye bei haitozwi mara ya pili kwa kuwa mnunuzi ni mwanamke katoka Wete na kanga zake.

Wala si fedha peke yake. Nilipomuuliza keshia wenu hiyo 180,000 imetoka wapi, alinijibu mbele ya watu: "Bi mkubwa, asilimia zina wenyewe. Wewe kahesabu barafu zako."

Barafu zangu nazihesabu, alhamdulillahi, na asilimia pia. Zaka yangu naitoa kila mwaka, fungu moja katika arobaini, yaani asilimia mbili na nusu, na sijapata kumwita keshia aje anisaidie. Serikali iliposema mkulima wa karafuu alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, kisiwa hiki kizima kilikaa mabarazani kikipiga hesabu. Sijui nani aliyewaambia kwamba Pemba hakuna wajuao asilimia.

Tuje kwenye tangazo lenu la punguzo, lile kubwa la mlangoni. Limeandikwa ASILIMIA 30 kwa rangi nyekundu, na kwa herufi ndogo huko chini: asilimia 20 kwa wote, na 10 zaidi kwa anayelipa taslimu. Nilisoma zote mbili. Asilimia 20 ya 1,200,000 ni 240,000, inabaki 960,000. Ile 10 mkaikata kwenye hiyo 960,000, siyo kwenye bei ya mwanzo, ikawa 96,000, ndiyo ikaja 864,000. Hiyo ni asilimia 28, siyo 30. Nililiona hilo mapema nikanyamaza, nikasema biashara ina maneno yake, 28 pia ni neema. Fedha nilizochukua nyumbani zilikuwa za hesabu hiyo, na nauli ya keri, kigari cha mizigo, juu yake. Zilizopungua ilibidi nikope kwa mwenye keri, na hiyo nayo ni aibu nyingine.

Sasa chukueni 1,044,000 niliyolipa muitoe kwenye 1,200,000. Zinabaki 156,000. Ndiyo punguzo langu lote: asilimia 13. Mlangoni 30, kwenye karatasi 28, mfukoni mwangu 13.

Narudi kwa keshia, maana sijammaliza. Nilikuwa na binti yangu, anasoma kidato cha pili. Keshia alizidisha 1,200,000 kwa 15 kwenye kikokotoo, kisha akakigeuza kioo kimuelekee yeye. Nikamwambia kwa upole, mwanangu, hata tukijaalia kodi haimo ndani, utaitozaje kwenye bei ambayo silipi? Asilimia 15 ya 864,000 ni 129,600. Akakifunika kikokotoo kwa kiganja. Nikamwambia tena, kitazame hicho kibandiko, kodi imo. Ukitaka kuijua, igawe 864,000 kwa 115 kisha zidisha kwa 15, utapata kama 112,700, na hiyo imo humo humo. Hapo ndipo alipoinua uso, akawatazama waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni kama anayewaomba ushahidi, akasema: "Bi mkubwa, asilimia zina wenyewe. Wewe kahesabu barafu zako." Mwanamme mmoja akacheka. Binti yangu akainamisha kichwa. Keshia hakuwa na jibu la hesabu, akatafuta la kunidhalilisha.

Nililipa kwa sababu friza langu la zamani lilikufa wiki ya mwisho ya Ramadhani, keri ilikuwa nje inasubiri, na barafu za Idi nilishazichukulia oda. Msije mkasema nilikubali.

Mkuu wa tawi nilimpigia baadaye. Akaniambia huo ndio utaratibu wa kampuni. Utaratibu wenu mnaujua nyinyi, na mimi naamini hausemi hivyo. Kama unasema hivyo, basi jambo ni kubwa kuliko friza langu, kwani 180,000 kwa mauzo ya 864,000 ni karibu asilimia 21. Zanzibar VAT ni 15. Hata Bara ni 18. Hiyo 21 ni ya nchi gani?

Nilianza barua hii nikidai 180,000. Nimeitazama tena risiti na sioni kwa nini niwe mpole peke yangu. Tangazo limesema asilimia 30, na 30 ya 1,200,000 ni 360,000, kwa hiyo bei yangu ni 840,000. Nadai 204,000. Nadai tangazo lishushwe au liandikwe 28. Na keshia aniombe radhi pale pale kaunta, saa ya wateja wengi, binti yangu akiwepo.

Nasubiri hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Ikipita, risiti hii pamoja na picha ya kibandiko na ya tangazo nitazipeleka Mamlaka ya Mapato Zanzibar, niwaulize hiyo 180,000 ilifika kwao yote au ilifika 112,700 tu. Nikitoka hapo nakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Picha ninazo, alizipiga binti yangu.

Wasalaam,

Mteja wenu, muuza barafu,
Wete, Pemba.