Barua ya malalamiko: jiko la moshi linalozimika kabla samaki hawajaiva

Sahare,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: JIKO LA UMEME LA KUKAUSHIA SAMAKI KWA MOSHI KUKOSA MOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nauza samaki wa moshi hapa Tanga. Jiko hilo nililinunua dukani kwenu kwa shilingi 680,000, dhamana miezi 12, risiti ninayo. Limefanya kazi wiki tano.

Nikiliwasha, taa ya mbele inawaka na joto linapanda mpaka kama nyuzi 60, kisha koili inapoa yenyewe huku taa ikiendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Nikiliacha nusu saa likapoa, moto unarudi. Sisi wa Tanga tunasemwa waja leo waondoka leo. Sikujua kama na moto wa jiko nao ni mgeni wa aina hiyo.

Nilipiga simu kwenu mara tatu. Kwanza nikaambiwa nichomoe plagi nisubiri dakika 10. Nikasubiri. Mara ya pili, ati ekstensheni yangu ni nyembamba. Nikachomeka ukutani moja kwa moja, hali ileile. Mara ya tatu kijana wenu akasema umeme wa huku kwetu ni mdogo, na hapo ndipo niliposhikwa na hasira, maana pasi yangu kwenye soketi hiyohiyo inaunguza nguo. Nikamwita fundi umeme. Akapima: volti 228 jiko likiwa limezimwa, 224 likiwa na moto. Umeme wa nchi hii ni wa volti 230. Jiko limeandikwa wati 1,200, yaani ampea 5 na kidogo, na fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Huo udogo uko wapi?

Kijana yuleyule ndiye aliyesema fundi afungue kifuniko cha nyuma aangalie nyaya. Tafadhali lishikeni hilo. Fundi alichomoa plagi, akafungua skrubu nne, akanionyesha kibati kinachoshika waya kwenye mguu wa koili: kimeungua, cheusi tii, plastiki yake imeyeyuka. Koili yenyewe ni nzima, ilisoma omu 44, ndivyo inavyotakiwa kwa wati hizo. Kwa maelezo yake, kibati hakikubanwa sawasawa. Kiungo kilicholegea huchemka, kikichemka hutanuka na kuachia, kikipoa hugusana tena. Na kila safari kinaungua zaidi.

Nilipowaletea habari hiyo mkanijibu kwamba dhamana imevunjika kwa kuwa jiko limefunguliwa. Na aliyeniambia nifungue ni nani?

Siku lilipogoma kabisa nilikuwa na kilo 18 za jodari kutoka Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, oda ya harusi. Kilo 9 zilikuwa bado kwenye barafu. Nikazikimbiza kwa bibi jirani, zikaivia kwenye makumbi yake ya nazi. Bibi hakusema neno, alilitazama jiko akacheka. Kilo 9 zilizokuwa ndani zilikaa saa nne kwenye uvuguvugu, nikazifukia. Jodari akilala hivyo hutengeneza sumu isiyotoka hata ukimkaanga, na mimi siuzi nisichoweza kula.

Ninachotaka ni fundi wenu aje Tanga abadilishe vile vibati na kipande cha waya kilichoungua, aweke vinavyostahimili joto, kwa gharama zenu. Kulisafirisha jiko mpaka Dar kwa nauli yangu sikubali. Akishindwa, nipeni jiko jingine au mnirudishie fedha. Kilo 9 za jodari nazo mnilipe. Bei ya siku ile nimeiambatanisha pamoja na nakala ya risiti na picha za kibati.

Jiko lipo sebuleni, nimelifunika kanga. Fundi akija apige simu siku moja kabla, na asije alfajiri, wakati huo niko Deep Sea.

Wenu,
Mteja mwenye risiti