Barua ya kufunga muhula: masimulizi ya Biblia na kompyuta zetu za zamani

Kwa wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Muhula umefika mwisho na ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii. Isome, itie sahihi, na uirudishe siku ya kufungua.

Nianze na furaha, maana mwaka huu ninayo. Siku ya wazazi mliwaona watoto wa miaka minne na mitano wakisimulia habari za Nuhu kwa vinywa vyao, huku wakibofya picha moja baada ya nyingine bila mwalimu kugusa kipanya. Walijua kwamba kunguru ndiye aliyetolewa kwanza safinani, ndipo njiwa akafuata, na kwamba njiwa alirudi jioni na jani bichi la mzeituni mdomoni. Watu wazima wengi humruka yule kunguru. Mgeni mmoja alipowauliza kama wanyama wote waliingia wawili wawili, walimjibu kwamba wale walio safi waliingia saba saba, kama ilivyoandikwa Mwanzo 7. Nilijivunia kila mmoja wao, na ninamshukuru mwalimu wao mbele yenu nyote.

Baada ya maonyesho wazazi kadhaa waliniuliza kwa nini shule bado inatumia Windows XP, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotoka mwaka 2001 na ambao haujapata marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 2014. Swali ni la haki na linastahili jibu kamili. Mashine za chumba cha kompyuta hazijaunganishwa na intaneti wala hazitaunganishwa. Hakuna tangazo linaloruka katikati ya hadithi, wala video nyingine inayoanza yenyewe hii ikiisha. Yona akitapikwa nchi kavu, picha inabaki pale pale mpaka mtoto aamue. Mtoto mdogo anahitaji mashine inayomsubiri, na programu za miaka ya tisini zilitengenezwa kusubiri.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. CD zetu nyingi za hadithi zina programu za biti 16, yaani zilizoandikwa kwa kompyuta za kizazi cha zamani. Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iliyomo katika karibu kila kompyuta mpya, haifungui kabisa programu za aina hiyo. Huleta ujumbe wa kukataa na kazi imeishia hapo. XP ya biti 32 inazifungua. Nyingine huhitaji kusaidiwa kidogo: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ikoni ya programu, ingia kwenye sifa zake, fungua ukurasa wa utangamano, kisha weka alama kwenye rangi 256 na kwenye skrini ya 640 kwa 480. Bila rangi 256 programu hugoma kuanza, au bahari ya Yona hutokea ya waridi. Ndiyo maana mzazi aliyetaka kutuletea kompyuta mpya nilimshukuru kwa moyo wote, nikamwomba tuitumie ofisini.

CD zenyewe hazichezwi tena. Kila moja imenakiliwa nzima kwenye diski ya ndani kama faili la ISO, yaani faili moja lenye kila kilichomo kwenye CD, na programu ndogo ya kuiga kiendeshi cha CD huifanya kompyuta iamini kwamba CD imo. CD halisi zimefungiwa kabatini. Vidole vya chekechea hukwaruza CD kwa muda mfupi sana, na mkwaruzo unaozunguka kufuata njia ya data ndio mbaya zaidi. Mwenye CD nyumbani aifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, asiifute kwa kuzungusha.

Masimulizi ya CD hizo yako katika lugha ya kigeni, kwa hiyo spika huzimwa na mwalimu husimulia mwenyewe. Lakini hadithi tulizozitengeneza hapa shuleni ndizo zinazopendwa zaidi: Danieli, Zakayo, na kondoo aliyepotea. Zimetengenezwa kwa PowerPoint ya 2003, programu ya kutengeneza maonyesho ya slaidi, yaani kurasa za picha zinazofuatana. Kwa kuwa baadhi yenu mnafundisha shule ya Jumapili na mmeomba maelezo, nayaandika hapa.

Hadithi moja iwe na slaidi nane hadi kumi, na kila slaidi ibebe tendo moja tu. Zakayo anatafuta njia. Zakayo anapanda mkuyu. Yesu anatazama juu. Usiweke maandishi, maana wasomaji hawajajua kusoma. Kitu cha kubofya kiwe ni sehemu ya picha yenyewe, kikubwa, kiunganishwe na slaidi inayofuata. Kisha onyesho liwekwe katika hali ile ya kibanda cha maonyesho (kiosk), inayojaza skrini na kuzuia mbofyo wa mahali pengine popote usifanye kitu. Usipofanya hivyo, mtoto anayebofya ovyo humaliza hadithi nzima kabla Zakayo hajashuka mtini. Onyesho lihifadhiwe kwa kiambishi cha .pps ili lifunguke moja kwa moja. Kitufe cha Esc bado hulifunga, kwa hiyo kibodi zetu zimewekwa nyuma ya skrini na watoto hutumia kipanya peke yake.

Sauti ndiyo inayowasumbua wengi. Kinasa sauti kilichomo ndani ya XP hukoma kwenye sekunde 60, na hilo halina hasara, kwa kuwa sauti ya slaidi moja haifai kuzidi sekunde 20. Tatizo liko kwenye kuhamisha. PowerPoint ile huiingiza sauti ndani ya onyesho ikiwa tu faili la sauti halizidi KB 100, na kwa rekodi ya kilohezi 22, biti 8, mono, hizo ni sekunde nne au tano. Ikizidi hapo, sauti hubaki nje na onyesho hukumbuka tu mahali ilipo. Ukinakili onyesho peke yake kupeleka kanisani, picha zitafunguka bila sauti hata moja. Dawa ni kuweka onyesho na sauti zote katika folda moja kabla ya kuziingiza, na kuihamisha folda nzima. Kuna mpangilio wa kupandisha kile kikomo cha KB 100, lakini hausaidii sauti zilizokwisha kuingizwa. Inabidi ziingizwe upya.

Kupaka rangi tunatumia Paint ya XP, programu ya kuchora inayokuja na Windows, na hapa ya zamani inaishinda mpya. Mstari wake una ukingo mkali, rangi inajaa mpaka kwenye mstari. Brashi za Paint zilizokuja na Windows 7 hulainisha ukingo kwa kijivu, na ndoo ya rangi huacha vidoa vyeupe kandokando. Picha tunaziskani kwa weusi na weupe tupu, tunazihifadhi kama BMP ya biti 24, aina ya faili inayoitunza picha kama ilivyo, kamwe si JPEG, kwa sababu JPEG huibana picha na hutia madoa ya kijivu kuzunguka mistari. Kila umbo lazima lifungwe. Nafasi ya nukta moja kwenye mgongo wa kondoo hutosha kumwaga rangi ukurasa mzima, na Paint ile hurudi nyuma hatua tatu tu. Mwalimu hujaribu kila umbo kwa ndoo kabla ya watoto kuingia, halafu hulifanya faili kuwa la kusoma tu.

Sasa niseme yasiyopendeza.

La kwanza ni kuchelewa. Somo letu lina mpangilio, na mpangilio huo ndio unaofundisha. Watoto hukaa kwanza mkekani, mashine zimezimwa, na mwalimu husimulia hadithi yote kwa mdomo. Ndipo huenda wawili wawili kwenye kompyuta kwa dakika kumi hivi: mmoja anashika kipanya, mwenzake anasema kinachofuata, kisha wanabadilishana. Mwishoni wanarudi mkekani na kusimulia wenyewe. Mtoto anayeletwa mkeka wa kwanza umekwisha kukunjwa anakuta picha bila hadithi. Anabofya samaki kwa sababu samaki anatikisika, hajui Yona alikuwa anamkimbia nani. Halafu mwenzake aliyemsubiri hana wa kusimuliana naye. Wazazi ambao watoto wenu huingia baada ya kengele kila Jumatatu, mnajijua, na daftari la mahudhurio linawajua. Muhula ujao anayechelewa hatakwenda kwenye kompyuta siku hiyo. Atabaki na mwalimu msaidizi asimuliwe hadithi. Msije ofisini kuniambia kwamba mtoto amelia.

La pili limeniudhi zaidi. Vipanya vyetu vingi ni vya mpira. Chini yake kuna duara la plastiki, na ndani yake mpira mzito wa chuma uliofunikwa raba, unaosukuma vigurudumu viwili: kimoja cha kwenda kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Mpira ukitoka, mshale wa skrini hausogei. Muhula huu mipira ilianza kupotea mmoja mmoja, na tumeikuta ikichezwa gololi nje ya geti na ndugu wakubwa wa watoto hawa. Mtoto wa miaka minne alichukua kitu kizuri cha kuviringika. Huyo nitamfundisha kwa upole. Lakini mpira ule ulifika nyumbani, ukalazwa nyumbani, na mtu mzima akauona. Kitu cha shule kikiingia nyumbani kwako huulizi kimetoka wapi? Tunawasomea watoto Amri Kumi mkekani, na ile isemayo "Usiibe" haitaji ukubwa wa kitu. Mipira yote irudishwe katika juma la kwanza. Ilete mwenyewe au iweke kwenye kisanduku cha barua mlangoni; sitauliza jina. Walimu wameshaziba yale maduara kwa gundi ya utepe, jambo linalowalazimu kubandua na kubandika upya kila wanaposafisha vumbi kwenye vigurudumu.

La tatu lilitokea siku ile ile ya furaha. Wageni wakiwa uwanjani, mtu mzima aliingia chumba cha kompyuta na kuchomeka flashi ili awaonyeshe watoto katuni. Kesho yake kila folda ya hadithi ilikuwa imefichwa, na mahali pake pamekaa njia ya mkato yenye jina lile lile. Kila anayeibofya humwamsha kirusi upya. Hadithi hazikupotea. Mwalimu alikizima kirusi kwanza, akafuta faili lake, faili la autorun linalokiamsha flashi ikichomekwa, na zile njia za mkato, kisha akazirudisha folda kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d, inayoondoa alama ya kufichwa, mashine moja baada ya nyingine, jioni nzima ambayo angekuwa kwake. Kompyuta zisizo na intaneti haziambukizwi na upepo. Zinaambukizwa na mkono wa mtu. Tumechomoa nyaya za milango ya USB ya mbele ndani ya makasha. Kuanzia sasa hakuna mgeni atakayeingia chumba kile bila mwalimu, awe mzazi, awe mjumbe wa kamati. Aliyefanya hivyo anatakiwa kumwomba mwalimu radhi, na ninamsubiri afanye hivyo.

La nne ni ada. Wapo waliolipa yote mwanzoni, na Mungu awabariki. Wapo walioahidi katikati ya muhula, wakaahidi tena siku ya wazazi mbele ya mhasibu, na hawajafika. Baadhi yao ndio walioniuliza mbona mashine ni za zamani. Mashine za zamani hazitaki fedha nyingi, lakini zinataka fedha kwa wakati wake. Betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa ya kompyuta, ikiisha, kompyuta husahau tarehe, husimama ikiwaka, na husubiri mtu abonyeze F1. Kondensa, vile vipande vidogo vya kutunza umeme kwenye ubao mkuu wa kompyuta, zikivimba vichwa, mashine huzimika ghafla, na fundi lazima azibadilishe. Hedifoni hukatika waya pale kwenye plagi. Vipanya vya mwanga tunavyotaka badala ya vile vya mpira haviji bure. Mishahara ya walimu sihitaji hata kuitaja. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze kabla ya kufungua, na tutapanga awamu kwa maandishi. Asiyelipa na asiyekuja, mtoto wake hatapokelewa siku ya kwanza mpaka mzazi mwenyewe afike ofisini. Nimeandika hivyo muhula uliopita nikalegeza. Safari hii silegezi.

Mengine kwa ufupi. Sare ziandikwe jina. Chupa za maji haziingii chumba cha kompyuta. Fomu za chanjo ambazo hazijarudi ziletwe.

Muhula ujao tunaanza na Musa katika kisafina cha mafunjo, Kutoka 2, kisha Daudi na yale mawe matano. Mwalimu anahitaji sauti za kurekodi: mzazi mmoja wa kiume mwenye sauti nzito kwa Goliathi, na mmoja wa kike kwa dada yake Musa. Rekodi ni asubuhi ya siku ya kufungua, mara baada ya sala. Wanaojitolea wapeleke majina kwa mwalimu wa darasa.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu Mkuu