Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja Wetu wa Vijana, Tabora

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua, angalau nyie mliokuwa mnakuja. Semina mbili za Katiba, Kanyenye na Isevya, na mdahalo wa mgombea binafsi tulikosoma hukumu ya Mahakama ya Afrika ya 2013. Isevya tulikuwa sita, tukimhesabu mama wa chai. Nipite hapo.

Niende kwenye lililotugawa: fulana 80 na viti 50. Chama fulani kilituletea bure uchaguzi ulipokaribia. Viti vilishashushwa, vimepangwa chini ya mwembe, vingine bado vina nailoni. Nikasema virudi. Kwenye grupu nimeitwa dikteta, na yupo aliyeandika kuwa mwenyekiti kwake ana masofa ndiyo maana. Fulana zile zilikuwa na nembo kifuani na mgongoni. Sisi waliberali, watu wa uhuru wa kila mtu kujichagulia, tunafundisha watu ibara ya 20 ya Katiba, kwamba ni marufuku mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, halafu tuwavalishe wenzetu chama wasichokichagua? Humu wamo wa chama tawala, wa upinzani na wasio na chama, na wote wanalipa ada. Au tuseme wanapaswa kulipa.

Katibu amenikumbusha Uamuzi wa Busara wa 1958: hapa hapa Tabora, TANU walijadiliana na kupiga kura ndipo wakakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, wala Mwalimu hakuamua peke yake barabarani. Ni kweli, kamati sikuiita. Lakini dereva alikuwa hajazima gari, na kamati yetu ikiitwa saa nane inafika saa kumi. Tena hata baada ya kura ile Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake, kwa hiyo kura nayo haizuii mtu kununa.

Ada: wanachama 64, waliolipa 19, jumla shilingi 228,000. Pango la ofisi 240,000. Iliyopungua, pamoja na nauli zote za semina, nimetoa mfukoni mwangu. Sidai, ila iandikwe kwenye muhtasari.

Mwakani, Mungu akijalia, tutafika Uyui, na huenda tukapata mfadhili asiye na fulana.

Viti mlivyokalia tumeazima kwa jirani, na anavitaka kabla ya saa kumi na mbili. Maswali yawe mafupi.