Msiilaumu mizimu, laumuni mitambo

Bwana Mhariri,

Maoni ya watazamaji kuhusu filamu za mizimu ambazo runinga zetu hapa Uganda hurusha usiku hufanana mno: haitishi, haina damu, hadithi inarukaruka, giza tupu, na mzimu wenyewe mnene. Naomba nafasi niwatetee kidogo watengenezaji. Mengi ya hayo hayamo ndani ya filamu. Huingia baadaye, kwenye stesheni, kwenye kibanda cha video na kwenye rimoti ya nyumbani.

Tuanze na huyo mzimu mnene. Filamu za runinga, yaani zilizotengenezwa kwa ajili ya runinga na si sinema, za Marekani na Uingereza za miaka ya 1970 hadi 1990 zilipangwa kwa skrini ya 4:3, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu. Skrini za leo ni 16:9. Stesheni ikiivuta picha ijaze kioo, kila kitu hupanuka kwa theluthi moja, na mwanamke aliyekondea kaburini anatokea kama aliyetoka kula posho na maharage. Ikiikuza badala ya kuivuta, maumbo hubaki sawa lakini robo nzima ya picha hukatwa, juu na chini. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu waongozaji wa filamu hizi hupenda kuficha kitu juu ya kabati au chini ya ngazi. Mtazamaji anamwona mhusika akipiga yowe huku ametazama dari, na dari yenyewe haipo. Picha iliyovutwa inaweza kurudishwa nyumbani kwa kuchagua 4:3 kwenye rimoti. Iliyokatwa hairudi, hata umwite fundi gani. Stesheni ziache ile mistari myeusi kushoto na kulia, haimdhuru mtu.

Wanaosema hakuna damu wanasema kweli, ila hilo si kosa. Filamu ya runinga iliingia sebuleni mwa watu bila kukatiwa tiketi, na mitandao ya runinga ya Marekani ilikuwa na wakaguzi wake waliobana umwagaji wa damu. Waongozaji wakalazimika kutumia kivuli, sauti na ujanja wa kamera. Mfano mzuri ni Salem's Lot, aliyoiongoza Tobe Hooper na kurushwa na mtandao wa CBS wa Marekani Novemba 1979 kwa sehemu mbili. Yule mtoto anayeelea nje ya dirisha hakuning'inizwa kwa nyaya. Aliwekwa kwenye mkono wa kreni, na tukio likapigwa kinyumenyume, ndiyo maana ukungu unaomzunguka unakwenda ndivyo sivyo. Jicho linahisi kuna kitu hakiko sawa kabla akili haijajua ni nini. Ndoo nzima ya damu haifanyi kazi hiyo.

Filamu hiyohiyo inaeleza malalamiko ya hadithi kurukaruka. Nakala kamili ni ya saa tatu na dakika chache, lakini ilikatwa hadi dakika 112 hivi kwa ajili ya sinema za Ulaya. Aliyeangalia hiyo fupi na kuandika kwamba wahusika hawaeleweki amehukumu nakala, si filamu yenyewe. Kabla ya kutoa maoni, tazama urefu. Filamu ya Marekani ya miaka ya 1970 iliyotengenezwa kwa nafasi ya dakika 90 huwa na dakika 75 hivi za picha, zilizobaki zilikuwa za matangazo. Ukiikuta ni dakika 72, usishtuke: mara nyingi ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, ikahamishwa kwenye PAL, mfumo wa runinga wenye fremu 25, ikaenda kasi kwa asilimia 4 na sauti zikapanda kidogo. Ukiikuta ni dakika 60, kuna mtu amepitisha mkasi.

Halafu matangazo. Filamu hizi ziliandikwa zikiwa na mapengo yake tayari. Kila baada ya dakika 10 hadi 15 hofu inapanda, picha inazama kwenye weusi, sauti inakatika kwa sekunde moja au mbili. Hapo ndipo pa kuweka tangazo la sabuni. Stesheni zetu hukata kwa saa ya ukutani: mhusika yuko katikati ya ngazi, tangazo linaingia, tunarudi, na dakika mbili baadaye lile pengo la asili linapita bure, picha ikizama na kuibuka bila sababu. Mara sita za namna hiyo zinatosha kuua filamu yoyote. Mpanga vipindi anahitaji kuipitia nakala mara moja tu kabla ya kurusha na kuandika muda wa kila weusi.

Giza nalo lina sababu mbili. Katika matangazo ya dijitali picha hubanwa ili chaneli nyingi zipite pamoja, na ubanaji huanza kuokoa nafasi kwenye sehemu za giza na ukungu. Ndiyo ile miraba myeusi inayochezacheza ukutani. Nyumbani huwezi kuiondoa. Unachoweza ni kuzima kihisi kinachopunguza mwanga wa runinga chumba kikiwa na giza, kuzima ulainishaji wa mwendo, kushusha ukali wa picha, kisha kupandisha mwangaza polepole hadi koti jeusi litofautiane na usiku ulio nyuma yake. Ukipita hapo, usiku unakuwa kijivu na mzimu unaonekana umepakwa unga.

Kwenye vibanda, tatizo kubwa ni sauti. Filamu nyingi za zamani za runinga zina sauti ya mono, yaani spika zote mbili zinatoa kitu kilekile. Waya mwekundu na mweusi zikibadilishana kwenye spika moja tu, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na ule mngurumo wa chini unaobeba hofu unapotea. Simama katikati, geuza waya za spika moja, sikiliza. Upande ambao besi inarudi ndio sahihi.

VJ wetu, wale wanaotafsiri filamu kwa maikrofoni huku ikiendelea, ni wasanii, sisemi wanyamaze. Lakini filamu ya mizimu si ya ngumi. Kila maikrofoni inapofunguka sauti ya filamu inashushwa, na mlio wa mlango au pumzi vinazikwa. Kutafsiri mazungumzo inatosha. VJ anayetangaza kwa Kiganda nani yuko nyuma ya pazia kabla pazia halijafunguliwa ameiba kazi ya mwongozaji.

Ipo lawama ninayoikubali: nyingi ya filamu hizi huharibika dakika kumi za mwisho, pale zimwi linapotolewa mwangani na kuonekana ni mpira na rangi. Na anayesema mzimu wa kizungu dirishani hamtishi mtu aliyekua akisikia habari za abasezi wanaofukua makaburi usiku, huyo sina la kumjibu. Tutengeneze zetu.

Kuhusu onyo kwa watazamaji, BBC1 ya Uingereza ilijifunza kwa shida. Tarehe 31 Oktoba 1992 ilirusha Ghostwatch, filamu iliyorekodiwa mapema lakini ikafanywa ionekane kama matangazo ya moja kwa moja, na mtangazaji halisi aliyeaminika, Michael Parkinson, akiwa studioni. Jina la mwandishi lilionyeshwa mwanzoni; waliowasha runinga baadaye hawakuliona. Namba ya simu kwenye skrini ilikuwa ya kweli, na aliyepata laini aliambiwa kwamba hii ni hadithi ya kubuni, ila laini zilijaa. Malalamiko yakamiminika, na BBC haikuirudia. Kwa hiyo onyo la mwanzo pekee halitoshi. Liwekwe kila tunaporudi kutoka kwenye matangazo, na lisomwe kwa Kiganda na Kiswahili, si Kiingereza peke yake. Ratiba nazo zitaje mwaka wa filamu na urefu wa nakala itakayorushwa.

Fundi wa picha na sauti,
Jinja