Kisanduku cha "jina la ukoo" kinatutesa bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaotengeneza fomu na mifumo ya maombi nchini. Nina steshenari hapa Kahama. Siku hizi kazi kubwa si kutoa kopi, ni kuwajazia watu maombi ya mtandaoni: vitambulisho, vyuo, mikopo, ajira. Kisanduku kinachonipotezea muda kuliko vyote ni kile chenye nyota nyekundu, "jina la ukoo". Ukikiacha wazi, huendi mbele.

Walikuja kwangu mabinti mapacha, Kulwa na Doto (la baba na la babu nimeyabadili). Kulwa kwenye cheti ni Kulwa Masanja Mabula, yaani lake, la baba, la babu. Doto aliandikishwa shule na mjomba, akaandikwa Doto Masanja, basi. Kwenye maombi yake ya mwanzo, aliyemjazia alipofika kwenye kile kisanduku akarudia la baba, ikawa Doto Masanja Masanja. Sasa wanaomba mkopo wa chuo. Wamezaliwa usiku mmoja, ukiwakuta wamevaa sare huwezi kusema yupi ni yupi, lakini ofisi moja inataka walete ushahidi kwamba ni ndugu. Wakaenda kwa wakili kula kiapo, na hela ya kiapo ikatoka kwenye akiba ya godoro la chuo.

Usukumani jina linafuata ulivyokuja duniani. Kulwa ndiye anayetangulia kutoka, Doto anafuata, na atakayezaliwa baada yao ni Shija, ukoo wenu uwe wowote. Mabula amekuja na mvua. Wajaluo wa Rorya nao wana Opiyo na Odongo kwa mapacha, halafu Okello; wa mvua wanamwita Okoth. Kwa hiyo Okoth wa kule na Mabula wa hapa ni somo, ingawa hawajuani! Ukitaka kumtofautisha Kulwa huyu na wa nyumba ya pili unamtaja baba yake tu: Kulwa ng'wana Masanja. Pwani ilikuwa vilevile. Siti binti Saad alikwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928 na jina la baba lilimtosha. Si kwamba koo hatuna. Tunazo, na siku ya posa wazee watakuhoji mpaka ujute. Ila hatukuwa na desturi ya kuzibandika nyuma ya jina la kila mtu.

Tumtazame Mwalimu mwenyewe. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, naye akaitwa Julius Kambarage Nyerere. Jina la mzee yule likaishia kuwa la familia nzima, wajukuu na vitukuu wanalibeba, na la Burito wengi hata hawalijui. Kwa desturi yetu ya majina matatu, watoto wa Mwalimu wangekuwa "fulani Julius Nyerere", na wajukuu wake la Nyerere wangeshaliacha nyuma. Familia hii ikafuata njia nyingine, na hakuna ubaya. Ubaya ni mfumo kudhani wote tumefuata njia hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba dunia ndiyo inavyotaka. Dunia ipi? Waturuki ilibidi watungiwe sheria mwaka 1934 ndipo kila mtu akawa na jina la familia, na Mustafa Kemal akapewa hilo la Atatürk. Iceland mpaka leo wengi wanajiita kwa jina la mzazi. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa kuwa rais wao mwaka 1980, ni Vigdís binti Finnbogi, kwisha. Na hapa jirani Rwanda, malori yanakokwenda kila siku yakipita Kahama, ndugu wa tumbo moja unaweza kukuta hawachangii jina hata moja.

Ombi langu si kubwa. Kisanduku kiulize jina la babu, kwa sababu ndilo wengi wetu tunaloandika pale hata sasa, na kiondolewe ile nyota ili mwenye majina mawili apite na mawili yake. Undugu uthibitishwe kwa jina la mama na la baba yaliyoko kwenye vyeti vya kuzaliwa, siyo kwa kulinganisha neno la mwisho la mtu huyu na la yule.

Wazazi nao, kaeni mkubaliane majina matatu kabla mtoto hajaandikishwa popote, kisha herufi zisibadilike: Kulwa asigeuke Kurwa darasa la nne kwa sababu mwalimu mgeni ndivyo anavyotamka. Na ukienda kumwandikisha shule usiende mikono mitupu. Kopi ya cheti ni shilingi mia.

Mwenye steshenari,
Kahama, Shinyanga